Majibu kwa Wasomaji: Nyumba ya Fremu ya Mbao, Kuanzia Malipo ya Korosho hadi Kuezeka

Barua kuhusu ujenzi wa nyumba za mbao zimetufikia kutoka pande mbalimbali za Kusini. Katika toleo hili tunajibu tatu. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa sababu swali lake ndilo linalowakabili wengi wanaojenga kwa fedha za mavuno.

Swali, kutoka Mtama, Lindi

Assalaam alaykum. Nina kiwanja hapa Mtama na nimekusudia kujenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule kwa fremu ya mbao, mbao zote zikatwe na kuungwa palepale kiwanjani, kwa kuwa gharama ya kuinua kuta zote kwa tofali imenishinda. Malipo yangu ya korosho yameshaingia. Fundi ananihimiza tununue mbao na kusimamisha nguzo wiki hii hii kabla fedha hazijapata matumizi mengine, lakini kaka yangu mkubwa anasema nyumba haisimamishwi mvua zikiwa zinanyesha. Nimsikilize nani? Na kazi yenyewe inakwenda kwa utaratibu gani?

Jibu

Waalaykumu salaam, ndugu yetu, na hongera kwa nia hiyo. Fundi wako yuko sahihi kuhusu kununua, na kaka yako yuko sahihi kuhusu kusimamisha. Wasikilize wote wawili kwa mpangilio huu: fedha za korosho zigeuke mbao sasa hivi, mbao zikae kivulini hadi mvua ziishe, na nyumba isimame kiangazi.

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na minada ya korosho huanza Oktoba. Kwa hiyo fedha humfikia mkulima wakati uleule mawingu yanapoanza kujikusanya. Hapo ndipo haraka inapowaponza wengi, kwa sababu fremu iliyosimama bila paa katika miezi hiyo hunywa maji kila siku, na mvua za mwisho wa msimu nazo zinaweza kuwa kali mno. Kimbunga Hidaya kilipotufikia mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Hatutaki fremu yako ikutwe wazi na siku kama zile.

Jambo la mbao kukauka tunalisisitiza kuliko mengine yote katika jibu hili. Ubao uliotoka kupasuliwa una maji mengi ndani yake, na kadiri unavyokauka ndivyo upana na unene wake unavyopungua, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukiupigilia ukiwa mbichi, utakaukia ukutani: mbao itajivuta na kuuachia msumari, nguzo moja itapinda kushoto na nyingine kulia, mlango utakwama katika fremu yake, na plasta itapasuka kwa mistari inayofuata kila kiungo. Zaidi ya hayo, kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu ili waishi, na ubao ambao unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 20 na kubaki hapo hauwapi nafasi. Mbao zilizokaushwa vizuri kabla ya ujenzi zinakukinga na hasara ambazo hakuna rangi wala dawa ya kupaka itakayoziondoa baadaye.

Mbao utakazozipata kwa urahisi ni za paini, na nyingi hutoka Nyanda za Juu Kusini, hususan shamba la miti la Sao Hill karibu na Mafinga. Kwa fremu nunua zile zilizotiwa dawa kiwandani, ambazo huwa na rangi ya kijani kibichi. Usidanganyike kwamba kwa kuwa zimetiwa dawa basi zimekauka. Dawa hiyo huyeyushwa katika maji na kusukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo, na mara nyingi ubao hufika dukani ukiwa umelowa kuliko ulivyokuwa kabla ya kutiwa dawa. Kata kipande kimoja mbele ya muuzaji utazame ndani, kwa sababu mbao ambayo ni ya kijani juu tu na nyeupe mara baada ya ngozi imechovywa, haikusukumiwa dawa. Chagua moja moja, uinue kila ubao usawa wa jicho na uutazame kwa urefu wake, uliopinda urudishe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Zikifika kiwanjani, usiziegemeze ukutani wala kuzilaza chini. Panga mawe au tofali ili rundo liinuke kutoka ardhini, kisha kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vyenye unene wa inchi moja, kila baada ya futi 2, na vijiti vya tabaka la juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, kwani kijiti kilichokaa kando huupindisha ubao unaokilalia. Funika juu kwa bati au makuti na uache pande zote wazi ili upepo upite. Turubai lililofunika mpaka chini huivundisha mbao. Weka mawe mazito juu ya rundo. Ili kujua zimekauka, chukua ubao mmoja wa katikati, uupime kwa mzani wa kupimia korosho, uandike uzito na tarehe kwa kalamu ya risasi juu ya ubao wenyewe, kisha uurudishe mahali pake. Rudia kila baada ya wiki mbili. Siku utakapoona uzito hauendelei kushuka, mbao zako zimelingana na hewa ya Mtama, na ziko tayari.

Mvua zikikatika, piga msingi. Hapa kuna tofauti moja kubwa kati ya nyumba unayoitaka na nyumba za wazee wetu, ambazo kwa kweli nazo ni nyumba za fremu, zenye nguzo, mwamba, makombamoyo na fito. Nguzo za nyumba zile huchimbiwa ardhini, na sehemu inayooza kwanza ni pale udongo unapokutana na hewa. Katika nyumba yako, mbao yoyote isiguse udongo. Msingi wa nyumba ya mbao haubebi uzito wa kuta za tofali, hivyo hauhitaji kuwa mpana sana, lakini upandishe angalau sentimita 45 juu ya ardhi ili maji yanayoruka mvua inaponyesha yasifikie mbao. Kimo hicho pia ndicho ulinzi wako wa kwanza dhidi ya mchwa. Mchwa wa ardhini hukauka haraka wakiwa nje, ndiyo maana hujenga vijia vya udongo wanapopanda. Msingi mrefu na mtupu huwalazimisha kujenga vijia hivyo mahali ambapo jicho lako litaviona. Usipange kuni kwenye msingi, usipande maua yakaufunika, na ukiona kijia, usikibomoe tu, bali tafuta walikotoka na upige dawa.

Kabla ya kumwaga zege, hakikisha pembe ziko mraba. Pima mita 3 kwenye kamba moja kutoka pembeni na mita 4 kwenye kamba nyingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe ni sahihi. Halafu pima mishazari miwili ya nyumba nzima, yaani kutoka kila pembe hadi pembe iliyo mkabala nayo, ambayo ni lazima ilingane. Juu ya msingi, zege likiwa bado bichi, simamisha bolti za milimita 12, moja ndani ya sentimita 30 kutoka kila mwisho wa ubao na nyingine kila baada ya mita 1.2, zikiwa zimezama vya kutosha. Kati ya zege na ubao wa kwanza tandika karatasi la kuzuia unyevu, kwa maana zege hufyonza maji ya ardhini na kuyapandisha.

Sasa fremu. Jamvi la sakafu lililokwisha kukauka ndilo meza bora ya kazi, na kila ukuta huungwa ukiwa umelala kisha huinuliwa ukiwa mzima. Chukua ubao wa chini, utakaolala juu ya msingi, na ubao wa juu, utakaobeba kenchi (fremu za mbao za paa), uwalaze ubavu kwa ubavu, ncha zao zikiwa sawa, na uwachore wote kwa pamoja kwa penseli na skwea. Mahali pa kila nguzo pachorwe mstari na alama ya X upande ambao nguzo itakaa. Fundi wako anaweza kuona alama hiyo ni ya wanafunzi, lakini mstari usio na X humfanya msaidizi apigilie nguzo upande usio wake, na kosa hilo hugunduliwa siku ya kupigilia mbao za nje. Nguzo ziwe za inchi 2 kwa 4, na umbali kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine uwe futi 2. Sababu yake ni kwamba plaiwudi na bodi za jipsamu huuzwa kwa futi 4 kwa 8, na kwa kipimo hicho kingo za kila kipande huangukia katikati ya nguzo. Nyumba za kwetu zinahitaji kimo kwa ajili ya joto, kwa hiyo kata nguzo za futi 9 kutoka mbao za futi 12. Katika futi 3 zinazobaki unapata kipande cha inchi 22, ambacho ndicho hasa kinachoingia kati ya nguzo na nguzo, nusu ya kimo cha ukuta, kuzikaza zisipinde. Kila nguzo ipigiliwe misumari miwili ya inchi 4 chini na miwili juu.

Juu ya milango na madirisha usiridhike na ubao mmoja uliolazwa. Weka mbao mbili za 2 kwa 6 zilizosimama kwa ubavu, zikikalia nguzo fupi pande zote mbili, ili uzito wa paa ushuke juu ya mbao na usining'inie kwenye misumari. Kila sehemu iliyokatwa mbao ya ndani ikaonekana ipakwe dawa ya mbao kwa brashi kabla ya kupigiliwa.

Ukuta ukiwa bado umelala, pima mishazari yake. Ikilingana, pigilia ubao wa mshazari kutoka pembe ya juu hadi chini, uliochongewa nafasi katika kila nguzo unayoivuka. Bila mshazari huo, au bila plaiwudi iliyopigiliwa vizuri, ukuta husukumika upande kwa upepo au kwa uzito wa paa. Kisha ita vijana uinue. Bolti zikishapita katika matundu ya ubao wa chini, ukuta hunyooshwa kwa timazi (uzi wenye kitu kizito), si kwa pima maji fupi pekee, na hushikiliwa na mbao za muda hadi wenzake wasimame. Juu ya kuta zote pigilia ubao wa pili wa juu, unaovuka viungo vya ule wa kwanza na kuzifunga pembe. Mbao za muda zisiondolewe kwa sababu kuta zinaonekana imara. Zikae hadi paa limekamilika.

Ezeka kwanza, kuta baadaye. Paa likishafunika fremu, kazi iliyobaki haina haraka, na hata fedha zikiisha Septemba nyumba haiharibiki; unaweza kusubiri mnada ujao na kumalizia kuta ukiwa ndani ya kivuli chake. Kwa nje unaweza kupigilia mbao zilizopandiana, bati, au waya wa kuku na plasta ya saruji, lakini nyuma ya kifuniko chochote kuwe na karatasi la kuzuia maji na upenyo wa hewa. Hata kukandika udongo juu ya fito kunafaa kabisa mahali penye upenu mrefu, na msomaji asione haya kulichagua. Kibali cha ujenzi kiombwe katika halmashauri mapema, wakati mbao zinakauka.

Swali, kutoka Mikindani, Mtwara

Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumesimamisha fremu karibu na bahari na tunajiandaa kuezeka. Mwaka 2019, kimbunga Kenneth kilipokaribia, hatukulala. Tunaogopa kwamba nyumba ya mbao ni nyepesi na itabebwa. Tufanye nini kabla ya kupandisha bati?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Hofu yenu ina msingi. Kenneth kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, upande wa pili wa mto Ruvuma, na mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi yenyewe. Ni kweli pia kwamba nyumba nyepesi hainyanyuki kwa wepesi wake ikiwa imefungwa chini. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia kwa dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka ndani. Nguvu hizo mbili zikikutana, kinachopimwa ni viungo. Fikirieni mnyororo: bati limeshikwa na papi (mbao nyembamba zinazopigiliwa bati), papi na kenchi, kenchi na ubao wa juu, ubao wa juu na nguzo, nguzo na ubao wa chini, na ubao wa chini na bolti zilizo katika zege. Paa huondoka penye pete dhaifu.

Mara nyingi pete hiyo huwa pale kenchi inapokalia ukuta, na ile inayofuata ni ncha za nguzo. Msumari uliopigiliwa katika ncha ya nguzo umeingia sambamba na nyuzi za mbao, na hapo mshiko wake dhidi ya kuvutwa ni mdogo. Kwa hiyo kila kenchi ifungwe kwa utepe wa chuma unaopanda juu yake na kushuka pande zote mbili za nguzo, na kila nguzo ifungwe vivyo hivyo na ubao wa chini. Gharama yake ni ndogo, na kwa kuwa kuta zenu bado ziko wazi, hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuifanya kwa urahisi. Tumieni skrubu za bati zenye mpira badala ya misumari ya kawaida, na katika kingo za paa zikaribiane zaidi kuliko katikati, maana upepo huanza kufumua pembeni. Ikiwa kenchi bado hazijaundwa, paa la pande nne hustahimili upepo vizuri kuliko lenye kuta za pembetatu mbili. Paa la baraza lijengwe peke yake, chini ya paa kuu, ili likiondoka lisiondoke na nyumba.

Kuhusu chumvi: kila chuma kiwe kimechovywa katika zinki iliyoyeyushwa, ambacho hutambulika kwa ngozi nene yenye rangi ya kijivu isiyong'aa sana. Misumari myeupe yenye kung'aa ina zinki nyembamba sana, na dawa ya shaba iliyo katika mbao za kijani huongeza kutu. Mikindani, hayo mawili yakikutana na hewa ya bahari, msumari huliwa ndani ya mbao bila mwenye nyumba kujua.

Swali, kutoka Kilwa

Ndugu mjibu maswali, mjomba wangu ameniambia anaweza kunipatia mbao za mninga na mkongo kutoka porini kwa bei nafuu, bila karatasi yoyote. Anasema miti hiyo haihitaji dawa, na nikitumia nyingine nizipake oili chafu tu. Je, nikubali?

Jibu

Usikubali, ndugu yetu, hata kama anayekupa ni mjomba. Mbao za msitu wa asili zisizo na kibali na hati ya kusafirishia hukamatwa njiani, na hasara inakuwa yako. Wilayani kwenu kuna njia iliyo safi: vijiji kadhaa vina misitu yao ya hifadhi na huvuna kwa mpango, na mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora. Uliza ofisi ya misitu ya wilaya ni kijiji gani kinauza msimu huu. Fedha unayolipa huko hujenga kijiji.

Ni kweli kwamba kiini cha mninga na cha mkongo hustahimili mchwa. Lakini sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa kama ubao mwingine wowote, na mbao za bei nafuu huwa na sehemu hiyo nyingi. Miti hii itumie kwa milango, madirisha na vizingiti, ambako uzuri wake unaonekana na tabia ya mninga ya kutopungua sana inapokauka ina faida. Kwa nguzo za fremu ni nzito na ngumu; kila msumari utahitaji kutobolewa njia kwanza. Nunua paini ya dawa.

Oili chafu hubaki juu ya ngozi ya mbao, haiingii ndani kiasi cha kuikinga kwa miaka, na huchafua udongo na maji ya kisima. Iache. Na kwa kuwa utakuwa na mabaki mengi ya mbao za kijani baada ya kukata, waambie mapema watu wa nyumbani kwamba mabaki hayo si kuni. Dawa hiyo ina aseniki, na moshi wake ni sumu. Majivu yake yakiingia katika chakula au yakichezewa na watoto yanaweza kuua. Kukata kufanyike nje, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, na vumbi na vipande vikusanywe katika gunia siku hiyohiyo, vifukiwe mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga.